Kazi ya Kukaa

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Kazi ya kukaa. Mwanangu, umepata kazi ya kukaa, na mtaa mzima unajua, kwa sababu mimi ndiye niliyeutangazia.

Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo kitinda mimba wangu? Sisi wazima, ila koo limenikauka kwa kuongea. Barua yako ina mistari sita tu, nimeihesabu, lakini ule wa nne nimeusoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo: "Siku hizi kazi yangu ni ya kukaa, na asubuhi gari la kampuni linanifuata mpaka mlangoni." Nimemsomea fundi cherehani. Nimemsomea muuza nyama, akaacha kupima. Nimemsomea yule mwalimu wako wa darasa la sita aliyesema utaishia kubeba mizigo. Huyo nilimsomea mara mbili, polepole, maana siku hizi hasikii vizuri. Akasema hongera. Nikamwambia rudia, mimi pia sisikii vizuri.

Unajua nilivyoichukia ile kazi yako ya mwanzo, kushinda kwenye vumbi nyuma ya makatapila, kushika kamba ya kupimia na kuwaonyesha madereva kwa mkono waende huku, warudi kule. Ulipokuja nyumbani mwaka jana nilifua nguo zako kwa maji matatu na bado tope lilibaki chini ya beseni. Harufu ya grisi ilinishika mikononi, nikashindwa kula. Sikukwambia. Nakwambia leo kwa sababu yameisha.

Nataka kujua kila kitu. Gari rangi gani? Unakaa mbele au nyuma? Meza yako ina droo? Na usinipigie simu. Simu ikikatika maneno yamekwenda, lakini barua naweza kuitoa kwenye mkoba watu wakiwa wengi.

Nimemwambia fundi viatu akushonee viatu vya ofisini, vyeusi, vya kamba. Namba bado ni ile arobaini na mbili, au miguu imenenepa kwa kukaa? Nijibu upesi, ameshakata ngozi ya mguu wa kulia.

Ni mimi mama yako,
mama wa mtu wa ofisini


Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua imefika. Mimi mzima.

Gari ni pikapu nyeupe. Mimi nakaa mbele, na wenzangu watatu wanakaa nyuma. Meza sina. Kiti ninacho, cha plastiki, cha bluu. Kazi yenyewe si ngumu: asubuhi saa moja nasaini daftari, nakaa, jioni saa kumi na moja nasaini tena, narudishwa. Tunakaa stoo, penye mifuko ya simenti. Wenzetu wa nje wanatuita waheshimiwa, kwa sababu wao wanahangaika na sisi tumekaa.

Mwambie fundi asiendelee na viatu. Huku stoo watu tunavaa ndara.

Mama, usiwasomee watu sana barua zangu. Naona haya tu. Na usije kwanza, chumba kinapakwa rangi.

Halafu, ile dawa ya unga wa njano uliyokuwa unampaka baba kwenye kidonda cha mguu iliitwaje? Kuna mwenzangu mmoja anauliza.

Mwanao


Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Nimekuona kwenye picha. Umekaa na meneja.

Binamu yako alipita kwenye hilo jengo lenu, akaikuta imebandikwa getini, akaipiga kwa simu yake na kunichapishia kubwa kama sinia. Juu kuna ubao umeandikwa SIKU 160 BILA AJALI. Chini mko mmejipanga, kofia ngumu zinang'aa kama mayai. Wote wamesimama, wewe peke yako umekaa, mstari wa mbele, na meneja amekuwekea mkono begani. Nimeibandika ukutani mkabala na mlango, anayeingia asikwepe. Muuza nyama ameuliza, "Kwa nini yeye tu ndiye aliyekaa?" Nikamwambia ndiyo cheo chenyewe hicho.

Ila mguu wako wa kulia umefichwa na chungu cha maua. Nani anaweka chungu cha maua katikati ya matofali na nondo? Na umekonda. Watu wa kukaa wananenepa, wewe mashavu yameingia ndani. Wanawapa chakula huko stoo?

Kuhusu unga wa njano: mwambie mwenzako aende hospitali. Leo, si kesho. Ule unga nilimpaka baba yako miezi mitatu, na kila nikipaka harufu inazidi, mpaka nikawa nalala barazani. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi mpaka leo nikipita karibu na nyama iliyochacha namuona baba yako. Usimpe mtu dawa ile kwa jina langu.

Nimepokea na kadi kutoka kwa meneja mwenyewe, ina dhahabu pembeni. Jumamosi tarehe 18 Mei mnafikisha siku mia mbili, kutakuwa na wageni wakubwa, na mzazi anaalikwa na mgeni mmoja. Kadi nimeizungusha kwa watu mpaka dhahabu ya pembe moja imetoka. Chumba kitakuwa kimekauka rangi wakati huo.

Mama yako


Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Mama mwenzangu,

Hunijui. Mimi ndiye mwenye nyumba anayopanga mwanao. Nakuandikia kwa sababu ya bafu langu.

Juzi alikuja mtu wa usalama wa kampuni, kavaa kizibao cha manjano, viatu havina hata vumbi. Kaleta karatasi nisaini kuwa ni shahidi: kwamba tarehe 21 Machi mpangaji wangu aliteleza bafuni kwangu akaumia mguu. Mama mwenzangu, bafu langu lina sakafu ya zege. Niliikwaruza mwenyewe kwa ufagio mgumu kabla haijakauka. Miaka kumi na moja wapangaji wangu wameteleza kwenye pombe na kwenye ndoa zao, bafuni kwangu hajateleza mtu.

Nikamwambia, "Huyu kijana mlimleta nyinyi na pikapu yenu saa nane mchana. Mguu mmeufunga kwa mfuko wa simenti na utepe wa kufungia maboksi. Ngazi nilideki mimi, damu ilikuwa imeshuka mpaka ya tatu."

Akatabasamu. "Ni saini tu, mama."

Sikusaini. Lakini nimeona huyu mtoto hajakwambia, maana kila barua yako ikija anaisoma, anacheka, halafu anageukia ukutani. Basi nikwambie mimi. Katapila lilirudi nyuma likamkanyaga mguu wa kulia. Kampuni haitaki ajulikane kuwa ameumia, kwa sababu mtu akikosa kazi kwa kuumia ule ubao wa getini unarudi sifuri. Kwa hiyo kila asubuhi wanakuja watu wawili, wanambeba kama kabati, wanampakia, anakwenda kusaini na kukaa kwenye kiti. Akisaini yuko kazini. Akiwa kazini hakuna aliyeumia. Hiyo ndiyo kazi ya kukaa.

Mashuka yake nafua kila siku ya pili, na maji yanatoka na rangi ambayo siwezi kumwandikia mama yake. Nzi wameujua mlango wake, wanapita vyumba vyote wanatua pale. Hakuna rangi inayopakwa. Ninapompelekea uji naziba pua kwa kitambaa, halafu naona aibu, nakitoa, halafu nashindwa, nakirudisha.

Nimemwambia nakuandikia. Amelia. Amesema, "Usimwambie mama, ameshawaambia watu."

Mimi mwenye nyumba


Jumanne, tarehe 30 Aprili

Mama mwenye nyumba,

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye mashuka nikatoka nje nikatapika uani, na majirani wakadhani ni homa. Hii sijamsomea mtu.

Nilirudi ndani nikaibandua ile picha ukutani. Nimekaa nayo mapajani kutwa nzima, naangalia chungu cha maua. Kile chungu hakikujileta. Kuna mtu alitumwa akakifuate. Kuna mwingine alisimama na kamera akasema sogeza kulia, kidogo, rudisha, hapo hapo, mguu hauonekani. Halafu wakacheka wakapiga. Damu hainitishi, nimezaa watano na baba yao nimemuuguza mpaka mwisho. Lakini huyo aliyesogeza chungu ananitia kinyaa kuliko usaha. Usaha unatoka kwenye kidonda, yeye ametoka wapi?

Na mimi mwenyewe najitia kinyaa. Mwanangu ameniuliza dawa ya kidonda na mimi nikamjibu habari za mwenzake. Ameniambia asitengenezewe kiatu, nikaona ni unyenyekevu. Mtoto anaoza mguu ili mama yake asiaibike mbele ya muuza nyama. Nimeilisha sifa yangu mguu wa mwanangu, dada yangu. 

Usisaini chochote. Nauza mbuzi mmoja kwa ajili ya safari, nakuja kabla ya sherehe yao. Usimwambie, atajitahidi kusimama.

Asante kwa uji. Kitambaa ziba tu, usione aibu.

Mama yake


Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mama, shikamoo.

Najua umeshajua. Kwa hiyo naandika mistari mingi kama ulivyotaka.

Dereva wa katapila usimlaumu. Ni rafiki yangu, tunakula sahani moja. Lile katapila lina king'ora kinacholia likirudi nyuma, tii, tii, tii, mtu aliyeinama asikie akimbie. Wiki ile meneja alikuwa anatembeza wageni na kuongea na simu, akasema makelele hayo yanamchosha. Mtu wa usalama mwenyewe akaleta koleo, akakata waya. Siku ya tatu mimi nimeinama nazungusha kamba ya kupimia, katapila likaja kimya. Nilisikia mguu kabla sijasikia injini.

Nilidhani watanipeleka hospitali. Meneja alikuja, akaangalia mguu, akaangalia saa, akauliza, "Ubao uko ngapi leo?" Mtu akajibu mia na arobaini na mbili. Akaniambia, "Kijana, vumilia mpaka mia mbili. Ukifika nakupeleka kwa daktari bingwa mimi mwenyewe."

Stoo nilimkuta mmoja aliyetobolewa jicho na kipande cha msumeno. Mwingine winchi ilimsaga mkono, wa tatu aliangukiwa na nondo mgongoni, anakaa upande upande. Mtu wa usalama anapita saa nne na bakuli la vidonge vya maumivu, kila mtu viwili, kama mwalimu anagawa peremende. Vumbi la simenti linaingia kwenye bandeji, linaganda, ukiibandua inatoka na ngozi. Ndiyo maana hatubandui. Tunakula humo humo. Mwenye mkono anasema waheshimiwa wa kweli wana feni.

Wenzetu wa nje nao wanatuomba. Wanasema ubao ukirudi sifuri kampuni itakosa jengo linalofuata na wote watarudishwa makwao. Kuna mmoja alinishika mikono, ana watoto sita. Ningesema nini, mama?

Sasa kuna mazoezi. Siku ya mia mbili wageni hawatakiwi kukuta mtu amekaa. Mtu wa usalama ameleta meza yenye kitambaa kirefu mpaka chini, ananisimamisha nyuma yake nishike ukingo na kutabasamu, yeye anapima kwa saa. Nimeshafika dakika mbili.

Usiwe na wasiwasi sana. Siku hizi hauumi kama mwanzo. Vidole sivisikii kabisa, na rangi imekuwa nyeusi kama kiatu. Mtu wa usalama anasema ndiyo unapona.

Nisamehe kwa watu uliowaambia.

Mwanao


Jumatatu, tarehe 13 Mei

Kwa Meneja,

Mguu umekatwa.

Salamu sikupi. Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi, na mwandiko wangu uuvumilie, niliishia darasa la saba. Ila watoto wangu wote wanajua kusoma, na huyu wa mwisho alikuwa anajumlisha kwa kichwa kabla ya mwalimu kumaliza kuandika ubaoni. Huyo ndiye uliyempa kazi ya kukaa.

Jumatano iliyopita pikapu yako ilipiga honi mara tatu. Aliyetoka ni mimi. Dereva akasema, "Mama, tunamfuata kijana, tumechelewa daftari." Nikamwambia ingia ndani umbebe, lakini safari hii usizibe pua. Aliingia na mwenzake. Walipotoka naye, dereva macho yalikuwa yamejaa. Nikapanda mbele, nikampakata mwanangu mtu mzima. Nyuma walikuwa wameshakaa wale watatu. Nikasema, "Twende hospitali. Wote wanne."  Dereva alikwenda mpaka njia panda ya kwenda kwenye jengo lako, halafu akakata upande wa pili bila kuniangalia. Nasikia umemfukuza kazi. Leo asubuhi alikuja kututazama.

Bandeji walipoifungua, nesi alitoka nje, akarudi. Daktari aliuliza nani alimfunga mtu na mfuko wa simenti. Amekata chini kidogo ya goti. Amesema wangengoja mpaka hiyo siku yako ya mia mbili angekuwa anaongea na mimi habari za kaburi. Mwanangu alisaini karatasi ya upasuaji mwenyewe, saini iliyonyooka kuliko hiyo yako ya kwenye kadi. Alipozinduka akapapasa shuka, akakuta pameishia. Nikamshika mkono. Hakulia. Akauliza kama nimekula.

Siku ya pili ukamtuma mtu wako wa usalama na matunda kwenye kikapu, fulana iliyoandikwa SIKU 200, na karatasi ile ile. Safari hii neno bafu limepigwa mstari, juu yake kuna neno ngazi. Alitaka mtoto asaini akiwa bado ana dawa ya usingizi. Mimi si mtu wa kutema mate mbele za watu, mama yangu alinilea vizuri, lakini siku hiyo niliyatema, na yalifika. Fulana nimeitumia. Mwenye jicho alitapika usiku, nikadekia.

Watu kama nyinyi nilikuwa siwajui. Niliwajua wezi, walevi, hata mmoja aliyempiga mke wake mpaka akazimia. Wote hao wakifanya ubaya huwa wanajificha. Nyinyi mnaupiga picha, mnaupamba, mnamwalika mzazi wake aje kupiga makofi. Mngeniweka mstari wa mbele na soda mkononi. Na mimi ningepiga makofi, Bwana Meneja. Ningepiga kuliko wote, naijua tabia yangu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Daktari ameandika faili nne, kila moja na tarehe yake na mashine yake: katapila, winchi, msumeno, na mtambo wa kupandishia nondo. Nimeomba nakala, amenipa na muhuri. Dereva wa katapila amekuja amekaa kitandani kwa mwanangu, wameshikana kwa saa nzima. Mwishoni akasema yeye ataueleza ule waya kwa mdomo wake, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Nikamwambia mwanangu, "Na wale wenzako wanaoogopa kurudishwa makwao?" Akafikiri sana. Akasema, "Mama, waambie watu. Wewe unajua kuwaambia."

Kwa hiyo nimewaambia. Nimemwandikia mama wa mwenye jicho, aliyekuwa anadhani mwanawe amepelekwa kusomea kompyuta. Nimemwandikia mke wa mwenye mkono, na kaka zake yule wa mgongo, watatu, wote mafundi chuma. Yule mwenye watoto sita nilimfuata mwenyewe kwenye foleni ya chakula cha mchana hapo nje ya geti lako. Alinisikiliza, akaangalia miguu yake, akaniambia atawaleta wenzake wa zamu yake. Mwenye nyumba anakuja. Mwalimu wa mwanangu anakuja, mzee yule, kwa fimbo yake. Mwanangu haruhusiwi kutoka kitandani, lakini faili lake ninalo mimi.

Kadi yako inasema mzazi na mgeni mmoja. Hesabu hiyo umekosea, ongeza viti. Wageni wako wakubwa usiwafukuze, tunawahitaji wawepo wote, na ubao uache hapo hapo ulipo na namba yake, tutausoma pamoja.

Jumamosi hii, tarehe kumi na nane Mei, saa nne asubuhi, getini kwako. Tunakuja wote.

Mama wa yule uliyemweka mbele